Kibao Kilichojua Kusalimia

Nakijwa alikuwa amechuchumaa sakafuni akikata kadibodi pale habari ya Mzee Sekiete ilipomfikia. Katika chuo cha kuchora vioo vya mitambo, ambacho zamani kilikuwa ghala la katani na siku za joto bado kilinuka katani, mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa mtambo kabla hajachora kioo chake kwenye karatasi, akakikata, akakiweka mbele ya mtu na kumtazama anavyohangaika nacho. Ukikosea kwenye kadibodi, Mwalimu Mbwambo alipenda kusema, umepoteza kadibodi. Ukikosea kwenye mtambo, umepoteza watu.

Na ni Mwalimu Mbwambo mwenyewe aliyeleta habari. Alisimama mlangoni, akamsalimu, akauliza za nyumbani, za watoto, za mgongo, zote zikajibiwa nzuri, ndipo akasema kwamba Mzee Sekiete wa Mbaranga amezikwa jana. Maji yalimjaa mapafuni. Hakuna aliyejua.

"Kibao chake kilisemaje?" Nakijwa aliuliza.

"Nzuri, Mama Elinaja. Kila asubuhi nzuri. Hata hiyo ya mwisho."

Nakijwa aliweka mkasi chini, akabaki pale pale alipochuchumaa kwa sababu magoti yalikuwa hayamruhusu kuinuka haraka, na kwa sababu hakuona pa kwenda. Kibao kile alikichora yeye.

Barabara za milimani zilikuwa zimemezwa na maporomoko, mvua hii ikifukia kipande hiki, mvua ile kile, mpaka watu wakachoka kuzifukua. Kati ya mji wa chini na vitongoji vya juu zilibaki njia za miguu, na machela za angani: vitanda vyepesi vyenye mapanga sita ya kuzunguka na betri tumboni, vinavyoruka bila rubani, vikamchukua mgonjwa mmoja na kumshusha hospitali kabla uji wake haujapoa. Zilipoletwa zilikuwa nyingi, watoto wakizikimbiza. Siku hizi zilibaki tatu, nyingine zote zimechunwa vipuri ili hizo tatu ziruke, na kwa kuwa betri zilikuwa zimezeeka, kila moja iliweza safari moja tu kwa siku, asubuhi, kisha ikaanikwa juani mpaka jioni kama mihogo.

Kwa hiyo kila nyumba ilipewa kibao cha kioo ukutani, na taa ndogo nje juu ya mlango. Alfajiri kibao kiliuliza hali, mwenye nyumba akajibu kwa kidole gumba chake mwenyewe, maana cha mtu mwingine hakikukubaliwa, na jua likichomoza mtambo wa mjini ulipanga nani afuatwe. Aliye mzima taa yake iliwaka kijani. Mgonjwa, nyekundu.

Vibao vya kwanza vilikuwa vikavu kama karani wa mahakama. Taja dalili. Thibitisha. Rudia. Wazee walivifunika vitambaa. Bibi mmoja alikigeuza chake kikatazama ukuta, akasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu asiyesalimia.

Hapo ndipo Nakijwa alipoingilia. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto, akaja chuoni na miwani iliyofungwa uzi, akakaa na vijana waliokuwa wepesi wa vidole na wazito wa kusubiri. Alijifunza taratibu. Kitufe kiwe kipana kuliko kidole gumba kilichopasuka kwa jembe. Maneno yawe machache. Rangi isiachiwe kazi peke yake, maana wapo wasioitofautisha. Na usimuulize mtu kama ameelewa, kwa kuwa atasema ndiyo. Utazame mkono wake. Kisha akachora kibao kinachoanza na shikamoo, kikangoja marahaba, kikauliza habari za kuamka. Juu kitufe kipana, "Nzuri". Chini yake kingine, "Si nzuri". Ukibonyeza cha juu kinakushukuru, kinakutakia siku njema, kinazima. Watu wazima walilia kwa furaha, jamani. Vitambaa viliondolewa. Kuna nyumba ziliweka kigoda mbele yake, kama cha mgeni.

Na maombi ya machela yakapungua kwa nusu. Kamati ya Machela ilipiga makofi, ikaagiza kibao cha salamu kifungwe kila kitongoji kabla mvua za vuli hazijaanza.

"Si kosa lako," Mwalimu Mbwambo alisema pale mlangoni. Nakijwa aliokota mkasi. Alikuwa akifikiria lile neno, kupungua, ambalo wote walilishangilia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wagonjwa wamekwenda wapi.

*

Kesho yake alipanda kwa miguu hadi Kisesi, kwa mama yake mdogo Navoneiwa. Kibao cha salamu cha kwanza kabisa kilifungwa huko, na bisibisi aliishika mwenyewe. Alipumzika kila kona. Kila alipoinua uso aliona taa za kijani juu ya milango, nyumba kwa nyumba, ukingo kwa ukingo, utadhani mlima mzima umepona.

Alifika jua likizama, akakuta makande jikoni na mama mdogo amevaa ndala alizozichana mbele ili miguu ipate nafasi. Miguu yenyewe ilikuwa imejaa, inang'aa. Walisalimiana kwa urefu, zikawa nzuri zote, wakala, wakasema habari za tangawizi iliyokuwa bado ardhini. Wakati wa kulala Nakijwa aliona mama mdogo hajilazi. Aliegemea gunia, akajifunika, akaanza kuvuta pumzi fupi fupi kama mtu anayepuliza moto.

"Tangu lini unalala umekaa?"

"Umri," mama mdogo alisema. "Lala, umechoka."

Asubuhi Nakijwa alikaa kwenye kona na kufuata kanuni ya chuo: mchoraji akimtazama mtu anatumia kioo, hasemi, haonyeshi, hasaidii, hata mkono ukipotea. Mama mdogo alinawa. Alibadili kanga, akajifunga safi. Kibao kikatoa shikamoo, naye akajibu kwa mdomo, "Marahaba, mwanangu," ndipo akabonyeza. Habari za kuamka? Kidole kilikwenda kwenye "Nzuri" bila kusita, kama mkono unaofukuza nzi. Kibao kikashukuru. Kioo kikawa cheusi, na nje, juu ya mlango, taa ikawaka kijani.

Lakini mama mdogo hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa, akasogeza uso karibu na kile kioo cheusi na kushusha sauti.

"Nzuri, ila miguu, mwanangu. Leo imepanda mpaka magotini." Akanyamaza kidogo, kama anayempa mwenziwe nafasi ya kuguna. Akaeleza kuhusu pumzi. Akaeleza kwamba juzi alikwenda kuchota maji, akakaa njiani katikati, akaona aibu watu wasimkute. Akaeleza moyo unavyoruka usiku kama kuku aliyefungwa kwenye kapu. Kila kitu, kwa mpangilio, kama ambavyo daktari yeyote angetamani kuelezwa. Mwisho akasema, "Basi nisikuchoshe. Uwasalimie huko," akajishika ukutani na kuinuka.

Nakijwa alishindwa kuishika kanuni.

"Mama mdogo, unamwambia nani?"

"Huyu wako. Kila siku namweleza. Msikivu sana huyu, hakatishi maneno."

"Ameshafunga. Anafunga ukishabonyeza nzuri."

Mama mdogo aligeuka akakitazama kioo, kisha akamtazama yeye.

"Anaondoka nami nazungumza?"

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyemlea huyo?"

Nje palisikika hatua, na jirani yao Kirita, bonge la mtu mwenye jembe begani, akapita njiani. Alitupa jicho juu ya mlango. Akapaza sauti kwamba anaona mama mzima, na mama akajibu mzima, ahsante, za watoto, naye akaenda zake. Zamani Kirita angeingia. Angekaa, angelalamikia chai kuwa nyepesi, angeiona miguu. Sasa taa ilikuwa imemjibu kabla hajabisha hodi.

Alipomsihi kesho abonyeze kitufe cha chini, mama mdogo alicheka. Kile ni cha wenye msiba, alisema. Mtu anakusalimia, hajaingia hata ndani, nawe unamtupia gunia la maradhi mlangoni?

"Sisi Wapare tutashtakiana kortini kwa ajili ya kuku mmoja," alisema, "lakini salamu hatuiharibu." Kicheko kikamkata pumzi, akalazimika kushikilia fremu ya mlango mpaka kifua kitulie. Akaahidi kwamba haya, kesho atabonyeza cha chini. Nakijwa alimjua mama yake mdogo. Aliisikia ile haya, na akajua hatabonyeza.

*

"Nzuri ya kwanza isihesabiwe," Nakijwa alimwambia Mwalimu Mbwambo. Alikuwa hajala tangu ateremke, na kipande cha kadibodi alichokichora njiani kilikuwa na alama za jasho. "Ile ni hodi tu. Kibao kisizime. Kiulize, 'Ila?' Halafu kisikilize."

"Kisikilize kwa muda gani?"

"Mpaka aseme nisikuchoshe."

Mwalimu alivua miwani na kuifuta kwa shati kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Vijana walimtania kwamba hata akikufelisha anakuomba samahani. Akaanza kueleza. Kusikiliza si kazi ngumu, mtambo unaijua lugha na unaweza kupima maneno, huyu amesema damu, huyu amesema mafua. Ugumu uko kwingine.

"Kila mtu ana ila, Mama Elinaja. Mimi ninayo, wewe unayo. Ukiwafungulia, nyumba zote zitasema. Na machela ni tatu."

"Zilikuwa tatu hata waliponyamaza."

"Walionyamaza hawakujua kwamba wamekosa safari." Alisema polepole, kama anayejisikiliza. Kisha akamweleza lile ambalo wanafunzi hawaambiwi. Kamati ilikuwa na picha ya milima iliyopigwa kutoka angani alfajiri, taa zote kijani, na picha ile ndiyo waliyoipenda wafadhili. Wakiona taa zimegeuka rangi watasema mradi umeshindwa. Watakuja kuchukua hata hizo tatu.

"Wanaweza kweli?"

"Wanaweza. Sijui kama watafanya. Wanaweza."

Nje wanafunzi walikuwa wanagombea kiti. Mwalimu akavaa miwani na kusema, bila kumtazama, kwamba chuo kina haki ya safari moja ya majaribio. Haimlazimu kuomba ruhusa kwa mtu. Ataituma Kisesi, mama mdogo atashuka, atatibiwa. Kibao cha salamu tukiache kilivyo mpaka vuli ipite, ndipo tuzungumze.

Nakijwa alitaka. Hilo lisifichwe. Aliliona gunia lile na mwanamke aliyeliegemea, na mwili wake wote uliochoka ukainamia ile ndiyo kama unavyoinamia kitanda.

"Safari hiyo ni ya machela ya nne?" aliuliza mwishowe.

"Ni ya hizo hizo tatu."

"Kwa hiyo kuna mtu ataikosa."

"Hatajua."

Nakijwa aliikunja ile kadibodi, akaikunjua tena. "Mzee Sekiete alikuwa baba mdogo wa mtu," alisema.

Kwa kanuni ya chuo, kioo kilichokwisha kufungwa majumbani hakifunguki ila kwa kidole cha aliyekichora. Mwalimu Mbwambo aliijua kanuni hiyo, aliiandika mwenyewe. Angeweza kukaa pale akazuia. Badala yake aliinuka, akasema anakwenda kuchemsha chai, ambayo hakuna aliyeiomba, akaurudisha mlango nyuma yake.

Nakijwa aliweka kidole. Kuongeza lile neno kulimchukua dakika chache, na rangi ya tatu ya taa, njano, ya aliyesema ila yake, chache nyingine. Kilichomkalisha mpaka chai ikapoa ni kile ambacho kibao kitamwambia mtu asiyefuatwa. Aliandika "Ombi lako limepokelewa", akafuta. Hiyo ilikuwa sauti ya karani. Aliandika "Tafadhali vumilia", akaona haya. Mwisho akaandika kama ambavyo angemwambia mtu uso kwa uso: Tumekusikia. Leo hatuwezi kuja. Akatazama maneno hayo, akaona hayawezi kuachwa peke yake, akaongeza swali chini yake. Akapanga yaamke kwenye vibao vyote keshokutwa, akazima, akaenda kutafuta viatu vyake vya kupandia mlima.

*

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba asubuhi ile, na mama mdogo alichukua muda kufika ukutani. Akanawa. Akajifunga kanga safi. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za kuamka, na kidole kikaenda pale pale kilipozoea.

Kioo hakikuzima. Kiliandika "Ila?" kwa herufi kubwa na kulitamka, kwa sauti ya chini.

Mama mdogo alirudi nyuma hatua. Akamgeukia Nakijwa.

"Kumbe leo amekaa."

Akavuta kigoda. Alieleza miguu, akaeleza pumzi, akaeleza kuku wa kwenye kapu. Akaeleza na yale ambayo hayakuwa ya daktari, tangawizi itakayooza ardhini, mtoto wake wa kiume aliyesahau namba ya mamake. Sufuria ya makande ilichemka, ikafurika, Nakijwa akaiepua, na kibao bado kinasikiliza. Aliposema basi nisikuchoshe, kilishukuru. Nje taa ikawa ya njano.

Jua lilipopenya ukungu, jibu lilikuja. Tumekusikia. Machela ya mwisho imekwenda kwa mama aliyeshikwa na uchungu Mbaranga, anavuja damu. Leo hatuwezi kuja kwako. Tumwambie nani?

Nakijwa hakuthubutu kumtazama. Alijua kwamba safari ile aliyoikataa ingeweza kuwa hapa uani sasa hivi, mapanga yakirusha vumbi, na kwamba kama mama huyu atazimia leo njiani yeye ndiye atakayelibeba hilo. Alingoja alaumiwe.

Mama mdogo alisoma jibu lote, kwa kidole, neno kwa neno. "Masikini, uchungu na ukungu huu," alisema. Kisha, baada ya pumzi mbili tatu: "Angalau kaniambia. Mwambie Kirita. Na asije na maneno mengi."

Kirita alikuja na maneno mengi. Alisimama mlangoni akaitazama miguu ile, akaitazama taa, akaitazama tena miguu, na hasira yake haikujua impate nani.

"Mama, juzi ulikuwa kijani."

"Juzi nilikuwa na adabu."

Akatoka bila kuaga. Muda si muda wakalisikia baragumu la msaragambo, la kazi ya pamoja, lile linalowaita watu kuzibua mifereji na kujenga ndiva, bwawa la kumwagilia, na watu wakaja na majembe wakidhani ni maji. Wakaambiwa ni mtu. Wakaweka majembe chini. Waling'oa miti miwili mirefu kwenye uzio wa mbuzi wa Kirita, wakaifunga kwenye ubavu wa kitanda cha kamba, wakamweka mama mdogo ameketi, na gunia lile lile mgongoni la kuegemea. Alisimamia kila fundo. Aliagiza mbuzi wafungwe. Akauliza nani amezima moto.

Nakijwa alishika mti wa nyuma upande wa bondeni. Walimkataza, akashika. Njia ilikuwa telezi na mti ulimkata begani tangu kona ya kwanza. Chini yao ukungu ulianza kupasuka, na kila ulipopasuka ulionyesha mlango, na juu ya mlango njano. Kisesi njano. Ukingo wa pili njano. Kule mbali Mbaranga, taa moja nyekundu, na kuizunguka, njano tupu, kama maua ya alizeti yaliyochipuka bila kupandwa. Hakuwa amedhani kwamba ni wengi hivyo.

Mfukoni kioo chake cha mkononi kilitetemeka. Kikatetemeka tena, kisha kikawa hakiachi. Pengine ni Kamati, pengine ni Mwalimu Mbwambo aliyeitwa kujieleza, pengine ni nyumba fulani iliyoulizwa aambiwe nani, ikamtaja yeye. Chuoni alifundishwa kuchora kioo cha mtu mwenye mkono mmoja huru. Yeye hakuwa na hata mmoja.

"Nakijwa," mama mdogo aliita kutoka juu ya kitanda, bila kugeuka. "Habari za huko nyuma?"

"Nzuri, mama," alijibu, akatafuta pa kukanyaga, akahema. "Ila bega."

"Haya, sema," mama mdogo akasema. "Njia bado ndefu."